Miaka Ishirini na Miwili ya Kuwashikisha Askari Mikuki

Beryl, niliyemfundisha kazi hii, ameniomba niandike haya kabla sijasahau. Nilimjibu kwamba mimi sisahau, ninapunguza tu. Basi naandika kwa ajili yenu mnaobaki kwenye benchi, na msitegemee kukuta humu habari za nani alipandishwa cheo lini. Vyeo vyetu vilikuwa viwili: aliye karibu na dirisha na aliye mbali na dirisha.

Kwa asiyejua kazi yetu, nieleze kidogo. Ng'ambo kuna watu wazima, wengine wana wajukuu, wanaocheza vita juu ya meza kwa askari wadogo wa madini, kila mmoja urefu wa pingili mbili za kidole. Askari hao humiminwa kiwandani kwa risasi iliyochanganywa na bati, na mikuki yao hutoka minene kama mwiko, tena laini, ukiigusa inainama. Mchezaji anayejiheshimu hataki mwiko. Anataka mkuki mwembamba wa chuma ulionyooka. Hapo ndipo tunapoingia sisi, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Homa Bay. Tunakata mwiko, tunatoboa ngumi, tunapitisha waya, tunamsimamisha askari juu ya kitako chake, tunampaka rangi na kumrudisha kwao.

Dada mmoja wa kwaya aliwahi kuniuliza kama hiyo si kuchochea vita. Nilimwambia wangu hawajaua mtu hata mmoja, ila wamenichoma vidole mara nyingi.

Mimi ni mtu wa Karungu. Kabla ya kazi hii nilikuwa nafunga ndoana kwenye kamba za kuvulia mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, mamia ya ndoana kwa kamba moja, nimeketi chini na miguu nimenyoosha. Millicent alinikuta hapo. Tulisoma pamoja shule ya msingi, kisha akaenda ng'ambo, akafanya kazi miaka kadhaa kwenye karakana ya askari hawa, akarudi na mkataba wa kuletewa masanduku yao hapa nyumbani. Alikuwa anatafuta watu wenye vidole. Alisimama akaniangalia nikifunga huku nikiongea na jirani.

"Conso, unafunga bila kuangalia?"

"Niangalie nini? Ndoana haijahama."

Wiki iliyofuata nilikuwa Homa Bay.

Siku ya kwanza niliwekwa kando ya Mzee Chacha. Huyu alikuwa Mkuria kutoka upande wa Kehancha, mrefu, mkimya, aliyetengeneza baiskeli mjini Migori kwa miaka mingi. Baba yake alikuwa mhunzi, na mzee mwenyewe akiwa kijana alikuwa amefua mikuki ya kweli. Kwa hiyo karakana nzima yeye peke yake ndiye aliyejua kitu tunachokiiga. Alinipa kekee ndogo ya kuzungusha kwa vidole, yenye ncha nyembamba kama sindano ya kushonea, na askari ishirini. Akasema, "Toboa ngumi," akarudi kwenye kazi yake.

Kufikia saa sita nilikuwa nimevunja ngumi saba. Risasi ni laini, unadhani inakutii, kumbe inakusubiri. Nilizificha zile ngumi chini ya kitambaa. Mzee Chacha hakuniangalia hata mara moja, lakini wakati wa chakula alinyoosha mkono, akafunua kitambaa, akazikusanya kwenye kizibo cha soda.

"Hiyo ni karo yako ya shule, Nyar Karungu," akasema. Hilo ndilo jina alilonipa, binti wa Karungu, kwa Kijaluo chake cha sokoni. "Mimi nililipa kumi na moja."

Alasiri hiyo ndipo aliponifundisha. Kwanza unaweka alama kwa sindano, ili ncha isiteleze. Nyuma ya ngumi unaweka kipande cha tyubu ya baiskeli, ili mkono upate mahali pa kuegemea. Unazungusha mara tatu, unatoa, unapuliza, unarudi. Anayezungusha mara nne amevunja. Sijui kwa nini ni tatu. Nimejaribu nne kwa miaka ishirini na miwili na matokeo ni yale yale.

Waya wetu wa kwanza ulitoka kwenye kebo za klachi za bodaboda. Mafundi wa stendi walikuwa wanazitupa, sisi tunaziokota na kuzifumua. Kebo moja ina nyuzi nyingi za chuma safi, lakini kila uzi umejikunja kama nywele, kwa sababu umeishi maisha yake yote ukisokotwa na wenzake. Kuunyoosha ni kazi. Unaubana mwisho mmoja kwenye jiliwa, mwisho wa pili unaushika kwa koleo, unavuta kwa uzito wa mwili mpaka unausikia umelegea kidogo. Hapo umenyooka, hautajikunja tena. Kisha unaukata kwa kipimo, unachoma ncha kwenye moto mdogo ili ilainike, unaigonga nyundo moja tu juu ya chuma iwe bapa, unainoa kwa tupa. Siku hizi mnaletewa waya ulionyooka tayari kwenye mirija. Ni mzuri. Ila mtu ambaye hajawahi kuvuta kebo hajui waya unataka nini.

Vitako navyo vina hadithi yake. Tunavikata kwa plaiwudi nyembamba, tunapaka gundi ya mbao, tunanyunyiza mchanga uliochujwa kwa kichujio cha chai ili askari aonekane amesimama ardhini. Mwanzoni niliambiwa nilete mchanga, nikauleta kutoka Kendu Bay kwa shangazi yangu, mchanga mwembamba mzuri sana. Nilichosahau ni kwamba niliuchota pale wanapoanika omena, dagaa wa ziwani. Baada ya miezi miwili mteja mmoja aliandika, kwa adabu kubwa, kwamba paka wake amelamba kikosi kizima na sasa halali kwingine ila kwenye kabati la askari. Tangu hapo mchanga unaoshwa mara tatu na kuanikwa juani siku mbili. Ile kanuni iliyobandikwa ukutani ni yangu, mjue ilikotoka.

Na ile nyingine, ya kunawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula na kutokula kwenye benchi, ni ya Madam Millicent. Risasi ni sumu ya polepole. Alitufundisha hivyo siku ya kwanza na hakuwahi kulegeza, hata siku maji yalipokatika na tukala saa kumi. Tulimnung'unikia. Leo tungali na afya zetu za kunung'unikia.

Lakini somo lililonifanya fundi lilikuwa la mkuki wenyewe. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimekuwa mwepesi. Nikamaliza askari arobaini kwa siku moja, mikuki yote imesimama wima kama ua wa miti. Nikamwonyesha mzee. Aliwatazama kwa muda.

"Nani amewafia?"

"Kwa nini, Mzee?"

"Wamesimama kama watu wa matanga. Mtu anayeenda vitani hashiki mkuki katikati kwa rula."

Akachukua waya mmoja, akauweka juu ya kidole cha shahada, akausogeza mpaka ukatulia bila kuanguka. Mahali hapo hapakuwa katikati, palikuwa karibu zaidi na ncha, kwa sababu ya uzito wa bapa lake. "Mkono wa mtu unapatafuta hapa wenyewe," akasema. "Hata mtoto hafundishwi. Ukimshikisha hapa, askari wako atakuwa hai. Ukimshikisha kwingine, amebeba fito tu."

Niling'oa mikuki yote arobaini. Ilinichukua siku mbili.

Sasa nije kwenye kesi ngumu kuliko zote. Wachache wenu mlikuwepo.

Kulikuja sanduku dogo kutoka kwa mama mmoja mzee wa ng'ambo. Halikuwa na askari wa kiwandani. Kaka yake aliwamimina mwenyewe jikoni kwao walipokuwa watoto, akawa anawaongeza maisha yake yote, na alikufa kabla ya kukitia mikuki kikosi cha mwisho, askari hamsini na kiongozi wao. Dada hakuwa mchezaji. Alitaka tu kazi ya kaka yake imalizike. Alikuwa amesikia habari zetu kwa marafiki wa marehemu, kikundi kile kile kilichokuwa kinatuletea karibu nusu ya kazi zetu.

Risasi yao ilikuwa imezeeka. Ilikuwa na unga mweupe kwenye mikunjo, kama chumvi. Tulijifunga vitambaa puani, tukawapiga brashi nje ya mlango. Chini ya ule unga madini yalikuwa yameoza, mepesi kumeguka kama biskuti ya chai. Mzee Chacha alinipa mimi kazi hiyo. Alisema macho yake yamechoka. Sikuyatilia maanani maneno hayo wakati ule.

Nilianza na kiongozi, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Anayejifunza anaanza na askari wa nyuma. Lakini nilikuwa na majivuno. Niliweka alama, niliweka tyubu, nilizungusha mara moja tu. Ngumi ikaanguka mezani, na nusu ya mkono ikafuata.

Wale hamsini walifanana, walitoka kwenye umbo moja. Kiongozi alikuwa mmoja.

Nilikaa nimemshika. Kwenye droo nilikuwa na mikono ya kutosha ya askari wengine walioharibika, na mmoja ulilingana kabisa. Ningeugundisha, ningepaka rangi, na hakuna mtu duniani angejua. Nilikwisha utoa na kuupima. Ulikaa vizuri, hilo ndilo lililonitisha. Kisha nikafikiria yule mama akimshika huyo mtu mdogo akidhani anashika kitu kilichofinyangwa na kaka yake, kumbe anashika mkono wa mgeni. Nikaurudisha kwenye droo, nikaenda kwa Madam Millicent.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Conso, huyu mama akiwaambia wale wengine kwamba tumevunja, tunafunga hii nyumba. Unajua?"

"Najua."

"Watu tisa wanakula hapa."

"Na mimi ni mmoja wao, Madam. Lakini nimevunja mimi. Wacha niandike mimi, kwa jina langu. Akitaka kukasirika, awe na mtu wa kukasirikia."

Mzee Chacha, aliyekuwa akifagia unga wa risasi kwa kitambaa cha maji, akasema bila kuinua kichwa, "Mkuki ukivunjika vitani unasema umevunjika. Usiposema, mwenzako anakutegemea."

Madam akanipa funguo za ofisi ya nyuma, kamera ilimokuwa. Nilipiga picha ya mkono ulivyovunjika, nikaenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi karibu na soko, nikaandika. Kiingereza changu ni cha darasani, kwa hiyo barua ilikuwa fupi. Nilisema nimemvunja kiongozi, nikaeleza vipi, nikasema risasi imeoza na wengine pia wanaweza kuvunjika, na nikauliza kama niendelee au niwarudishe.

Jibu lilichukua siku tisa. Katika siku hizo tisa niliwaangalia wale hamsini na nikakubali kwamba kekee haiwezi kuwagusa. Hakuna kutoboa. Basi mkuki utashika vipi ngumi isiyo na tundu? Niliwaza hivyo mpaka siku ya sita, nikiwa nafunga mfuko wa sukari kwa uzi, mikono yangu ikafanya yenyewe kile kifundo cha ndoana. Ndoana ya mbuta haina tundu la maana. Huifungi kwa kupitisha, unaizungushia uzi ukijibana wenyewe. Kadiri samaki anavyovuta ndivyo kifundo kinavyokaza. Nilifumua waya wa simu iliyokufa, ndani mna nyuzi za shaba nyembamba kama nywele. Nikalaza mkuki kando ya ngumi ya askari aliyekwisha haribika, nikazungusha shaba mara tano, nikaivuta, nikatia tone moja la gundi. Ikashika. Nilimgeuza kichwa chini, nikamtikisa. Ikashika. Ikipakwa rangi ilionekana kama kamba ya ngozi ambayo watu wa zamani walifunga kwenye mpini.

Mzee Chacha aliuangalia mkono ule karibu sana na uso wake. "Baba yangu aliwafungia hivi wapiganaji ambao jasho liliwatelezesha," akasema. Sijui kama ni kweli au alikuwa ananipa moyo. Nilichukua vyote viwili.

Siku ya tisa barua ikaja. Madam aliisoma kwa sauti, tukiwa tumesimama wote. Yule mama aliandika kwamba ameikuza picha niliyompelekea na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Mahali mkono ulipokatika, alisema, pana mstari wa gundi ya zamani, ya manjano. Alikumbuka siku hiyo. Kaka yake alikuwa na miaka kumi na miwili, alimwangusha kiongozi kwenye sakafu ya jikoni, akalia, akamgundisha, akamwapisha dada yake asimwambie mtu. "Umevunja pale pale alipovunja yeye," aliandika. "Nilikuwa nimesahau. Tafadhali endelea."

Kisha Madam akakunja karatasi na kusema, "Haya, watu wa kazi," akaingia ofisini akafunga mlango, akakaa huko muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Niligundisha mkono wa kiongozi juu ya mstari ule ule. Wote hamsini na mmoja walipata mikuki, na hakuna aliyevunjika tena. Kikundi cha marafiki hakikutukimbia. Kilituletea askari wake waliooza, wale ambao karakana nyingine ziliwakataa, na kwa miaka kama sita hiyo ikawa ndiyo kazi tuliyojulikana nayo. Kifundo mnakiita cha Conso. Ni cha Karungu. Kila mama wa pwani ile anakijua.

Sasa jambo ambalo sikulifanya vizuri.

Baada ya kazi ile nilianza kuona mikuki ya Mzee Chacha imeinama. Kidogo tu, kila mara kushoto. Vitako vyake navyo vikawa na gundi iliyomwagika pembeni. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Sikumwambia. Wakati wa chakula, akitoka kuota jua, nilikuwa nachukua trei yake, nang'oa mikuki mibaya, narudishia mizuri. Nilijiona mwenye heshima. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Siku moja alirudi mapema kuchukua kofia. Akanikuta na koleo mkononi na askari wake kwenye mkono wa pili.

"Tangu lini?" akauliza.

Nilimwambia.

Aliketi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mwaka mmoja nimekuwa nikijisifu nyumbani kwamba mikono bado iko," akasema. "Kumbe ni yako. Ungeniambia, Nyar Karungu. Ningeenda nikiwa mtu mzima. Sasa naenda kama mtoto aliyebebwa."

Niliomba msamaha. Alikubali kwa kichwa, lakini mwisho wa mwezi alifunga vitu vyake akaenda kwao. Kwa miaka miwili hatukusikilizana. Kisha nikapanda gari hadi Migori, nikaendelea hadi Kehancha, nikamkuta ameketi barazani na mke wake akipepeta wimbi. Alikuwa haoni tena ila mwanga. Nilikuwa nimembebea askari mmoja, niliyemtengeneza mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Nilimwekea kiganjani.

Alimpapasa. Kitako kwanza, kidole gumba kikizunguka ukingo kutafuta gundi. Akapanda mguuni, akafika kwenye ngumi, akakaa hapo. Kisha akausugua mkuki kutoka mwisho mpaka ncha, polepole, na kurudi.

"Umesogeza mbele kidogo," akasema.

"Amechoka, Mzee. Anatembea kurudi nyumbani. Nimefikiri mtu aliyechoka anaushika mbele."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Sikukufundisha hilo." Akamwambia mke wake anikorogee uji, na tukaongea mpaka jua likapinda.

Nilirudi kwenye benchi nikafanya kazi miaka tisa zaidi, mingi yake nikiwa karibu na dirisha. Nimewafundisha wengi wenu, na mmevunja ngumi nyingi, wengine zaidi ya ishirini, sitataja majina. Kisha mwaka huu, Jumanne moja asubuhi, watu wote wakiwa wamekaa na redio inasema habari za bei ya mahindi, Beryl alisimama akaja kwenye benchi langu na trei yangu ya jana.

"Mama," akasema, "hizi nyaya nne za mwisho zimeinama."

Mtu akapunguza redio. Nilichukua trei, nikaipeleka kwenye dirisha, nikavaa miwani na kuongeza kioo juu ya miwani. Nilitazama kwa muda. Zilikuwa zimeinama.

"Kushoto au kulia?" nikamuuliza, kwa sababu nilitaka kujua kama anaona vizuri.

"Kulia, Mama. Mkono unatetemeka ukifika mwisho."

"Haya. Zing'oe."

Akaung'oa wa kwanza hapo hapo mbele yangu, akapima waya mpya juu ya kidole chake. Hakuomba radhi na mimi sikumtaka aombe. Mchana nilimwambia Madam Millicent nitaondoka mwisho wa mwezi. Aliniuliza kama nina hakika. Sikumbuki siku niliyokuwa na hakika kuliko ile.

Wiki zangu za mwisho sikugusa askari. Nilirudi kwenye jiliwa kuvuta kebo za bodaboda kama zamani, kazi inayotaka uzito wa mwili na haijali vidole. Kwenye rafu ya pili, nyuma ya makopo ya rangi ya kahawia, kuna mkebe wa maziwa ya unga. Ndani mna nyaya za saizi tatu, zimenyooshwa kwa mkono, zimekatwa na kunolewa. Zitawatosha mpaka Pasaka. Baada ya hapo mtavuta wenyewe.